Kombania ya kwenye daftari na kombania ya Burma



Jumamosi iliyopita mvua ilitufungia ndani pale tunapokutana Naguru. Sisi wakubwa tulikuwa tunabishana kuhusu mambo ya vitambulisho, wadogo wetu wamejikusanya pembeni wanaandika kitu kwenye daftari. Nilifikiri ni kazi ya shule. Kumbe wanaunda jeshi! Kombania nzima ya kupigana msituni: jina lake, bendera, vyeo kutoka juu mpaka chini, na silaha ambazo kila mtu atabeba. Mengi waliyatoa kwenye michezo ya simu, mengine kwa kuangalia mabega ya maofisa wa polisi, maana makao makuu ya polisi yako hapa hapa Naguru na watoto wanahesabu nyota kila siku wakipita.

Niliomba nisome. Majenerali walikuwa wanne, askari wa kawaida sita. Nikacheka sana. Halafu nikafika mstari wa mwisho wa orodha ya vyeo. Walikuwa wameandika: kadogo, anabeba risasi, anapika, anatangulia mbele.

Hapo kicheko kikaisha. Aliyeandika ana miaka 12, na kwao alikotoka neno hilo si la mchezo.

Sikumkaripia. Nilimwambia: mdogo wangu, nipe wiki moja nikuletee kombania ya kweli, iliyopigana kwenye msitu wa kweli, na wengi waliokuwa ndani yake walizungumza Kiswahili kama sisi. Ukishaisoma tutarudi kwenye daftari lako. Basi hii ndiyo kazi niliyomwahidi, na nimeona niwape nyote.

Vyeo vilifikaje hapa

Tuanzie jirani. Miaka ya 1880, kaskazini mwa hapa, palikuwa na jimbo lililoitwa Equatoria, chini ya serikali ya Misri. Gavana wake alikuwa Mjerumani aliyejiita Emin Pasha. Vita vya Mahdi vilipowaka Sudan, jimbo lile likakatiwa njia ya kaskazini. Emin akaondoka mwaka 1889, lakini askari wake wengi Wasudani walibaki na wake zao, watoto wao na wafuasi wao. Waliishia Kavalli, upande wa kusini-magharibi wa Ziwa Albert. Leo pale ni Ituri, Congo. Ndiyo, Ituri hiyo hiyo ambayo baadhi yetu tumetoka.

Mwaka 1891 Kapteni Lugard, aliyekuwa akiitumikia kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, alikwenda kuwachukua. Wanajeshi walikuwa mamia, lakini watu waliovuka nao walikuwa maelfu. Fikirieni picha hiyo: watu waliofukuzwa na vita, wanavuka kutoka Ituri kuingia Uganda na mizigo vichwani na watoto mgongoni. Wazao wao ndio Wanubi, na Bombo, kaskazini mwa Kampala, ndiyo ikawa kambi na nyumba yao. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba wageni wanaovuka mpaka ni jambo jipya Uganda, mwambie jeshi lenyewe la nchi hii lilianza na wageni wa namna hiyo.

Wale askari walikuja na vyeo vyao vya Kituruki na Kimisri. Koplo aliitwa ombashi. Sajini aliitwa shaushi. Sajini-meja alikuwa bashaushi, na aliyekuwa juu ya hao, ofisa mwenyeji, aliitwa efendi. Wajerumani nao walichukua askari wa Kisudani kwenda Tanganyika, na vyeo hivyo vikaenda pamoja nao. Ndiyo maana wazee wa Uganda, Kenya na Tanganyika walikuwa na maneno yanayofanana bila kuwahi kukutana.

Tarehe 1 Januari 1902 Waingereza waliunganisha vikosi vyao vya Afrika Mashariki na Nyasaland kuwa jeshi moja, King's African Rifles. Wazee waliliita Keya, kutokana na herufi K.A.R. Batalioni ya 4 ikawa ya Uganda. Kiswahili kikawa lugha ya amri, na kile Kiswahili chao kifupi cha kambini mpaka leo kinaitwa Kikeya. Taratibu vyeo vya Kituruki vikaachwa, vikaja vya Kiingereza vilivyopita mdomoni mwa Mswahili: praiveti, lansi koplo, koplo, sajini, luteni, kapteni, meja.

Safari ya kwenda msituni

Vita vya pili vya dunia vilipoanza, Keya ilipanuka haraka. Vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland waliandikishwa kwa makumi ya maelfu. Wengine walijitolea kwa sababu ya mshahara, wengine walisukumwa na machifu waliopewa idadi ya kutimiza. Walipigana kwanza na Waitaliano huko Somalia na Ethiopia. Mwaka 1943 ikaundwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, alama yake kichwa cha kifaru, ikapelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kujifunza vita vya msituni. Ndani yake batalioni za Uganda zilikuwa tatu: ya 4, ya 34 na ya 44. Nyingine, ya 7, ilikwenda na brigedi ya 28.

Sio wote waliofika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na humo walikuwemo pia wauguzi wanawake. Ni moja ya misiba mikubwa ya baharini ya vita vile, lakini waulize wanafunzi kumi hapa Kampala kama wamewahi kuisikia.

Waliofika waliingia Burma, nchi ambayo leo ni Myanmar, katikati ya mwaka 1944. Mwezi wa nane walipita mji wa Tamu, halafu wakaanza kushuka Bonde la Kabaw. Ilikuwa msimu wa mvua za masika ya Asia. Bonde lile lilikuwa na sifa mbaya: malaria, homa ya utitiri wa vichakani, ruba na matope. Wajapani walikuwa wanarudi nyuma, lakini walirudi polepole, wakiacha nyuma yao watu waliochimba mahandaki chini ya mizizi ya miti na kungoja.

Kombania moja, mtu kwa mtu

Sasa mdogo wangu, chukua daftari lako, tulinganishe.

Kombania ya askari wa miguu ilikuwa na watu kama 120 hivi. Jenerali ndani yake hayupo. Hata kanali hayupo. Mkubwa wa kombania alikuwa meja au kapteni, basi. Luteni kanali alikuwa na batalioni nzima ya watu kama 800, brigedia alikuwa na batalioni tatu, na meja jenerali alikuwa na divisheni. Meja jenerali wa Divisheni ya 11 alikuwa Charles Fowkes, mmoja kwa maelfu ya watu. Wewe una wanne kwa watu sita!

Kombania iligawanywa platuni tatu. Platuni ilikuwa na watu thelathini na kitu, chini ya luteni, na pembeni yake sajini. Platuni nayo iligawanywa seksheni tatu, na seksheni ilikuwa watu kama kumi chini ya koplo, na lansi koplo wa kumsaidia.

Msituni, seksheni ndiyo dunia yako. Kwenye kichaka kizito huoni mita kumi mbele. Meja wako humwoni, luteni wako humsikii. Unamjua koplo wako, na unamjua aliye kushoto na aliye kulia. Kwa hiyo yule koplo wa Kiganda, wa Kiacholi au wa Kinyamwezi, ambaye kwenye karatasi ni mtu mdogo sana, ndiye aliyekuwa anaamua watu kumi walale wapi, wapite wapi, na nani atangulie. Aliyetangulia njiani alikuwa mtu mzima aliyefundishwa, na walipokezana, kwa sababu hakuna macho yanayoweza kukodoa siku nzima. Hakuna mtoto aliyewekwa pale.

Juu ya platuni tatu kulikuwa na makao ya kombania: mkubwa na msaidizi wake, sajini-meja wa nidhamu, sajini wa stoo aliyehesabu kila blanketi, watu wa redio, matarishi wa kupeleka habari kwa miguu, wapishi, na mabwana wa machela. Hawa wa mwisho kwenye daftari lako hawamo kabisa. Tutawarudia.

Lakini kuna kitu kimoja lazima nikiseme wazi. Vyeo vile vilikuwa na dari. Luteni, kapteni na meja wote wa Keya kule Burma walikuwa Wazungu. Kulikuwa pia na masajini Wazungu waliowekwa juu ya masajini Waafrika. Wakati wa vita walitengeneza cheo cha afisa mteule kamanda wa platuni, na hicho ndicho kilikuwa kilele cha Mwafrika wa Afrika Mashariki. Angeweza kuongoza platuni kwenye moto, lakini ofisa kamili hakuwa. Afrika Magharibi walimpata ofisa wao mapema: Seth Anthony wa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, alipewa uofisa mwaka 1942 na akapigana Burma hiyo hiyo. Huku kwetu, hakuna mpaka vita vikaisha. Na mshahara? Askari Mwafrika alilipwa kidogo sana ukilinganisha na Mzungu aliyelala naye kwenye handaki moja. Risasi ya Mjapani haikujua tofauti hiyo.

Walibeba nini

Kila askari wa kawaida alikuwa na bunduki aina ya Lee-Enfield, kama kilo 4, yenye risasi kumi kwenye magazini na singe ya kuchomeka mbele. Si ya kumimina risasi kama kwenye simu yako. Unafyatua moja, unavuta komeo, unafyatua nyingine. Seksheni nzima ilikuwa na rashasha moja tu, Bren, kama kilo 10. Magazini yake ilikuwa ya risasi 30, na aliyeishika hakubeba risasi zake peke yake: kila mtu kwenye seksheni alibeba magazini za Bren pamoja na mizigo yake. Hapo ndipo unaona mbeba rashasha si shujaa wa filamu. Bila wale tisa, ana chuma kizito tu.

Koplo mara nyingi alikuwa na bunduki fupi ya Sten au Thompson kwa ajili ya mapambano ya karibu. Mabomu ya mkono yaligawanywa kwa kila mtu. Platuni ilikuwa na mota ndogo ya inchi 2 ya kurusha makombora na moshi. Mota kubwa zaidi zilikuwa za batalioni, hazikuwa za kombania.

Halafu panga. Hiki kilikuwa kifaa chetu wenyewe, na askari wa Afrika Mashariki walijulikana nacho kule Burma. Kwa panga unafyeka njia, unakata miti ya kulalia, unachonga vigingi, unapasua kuni. Kama ni lazima, unapigana nalo, lakini kazi yake ya kila siku ilikuwa kazi ya shambani.

Nguo zilikuwa za kijani cha msitu, na kofia ya ukingo mpana. Buti nazo. Usizidharau buti: kabla ya vita, askari wa Keya alikuwa anatembea miguu mitupu kwenye gwaride na safarini. Alipewa buti kwa sababu ya vita ya Wazungu, na kule Burma matope yalizila buti zile mpaka nyuzi. Mgongoni kulikuwa na blanketi au turubai dogo la mvua, chakula cha siku kadhaa, chupa ya maji, koleo la kuchimbia handaki, chandarua, na soksi za akiba. Jumlisha na risasi. Mtu alibeba mzigo mzito, kwenye mvua, akipanda kilima.

Chakula na risasi zaidi vilitoka juu. Ndege aina ya Dakota zilidondosha mizigo kwa miavuli, na mingine bila mwavuli kabisa, kwa hiyo gunia la mchele nalo liliweza kukuua. Wingu likikaa juu ya bonde siku tatu, ndege haziji, na kombania inafunga mkanda.

Vitu ambavyo havimo kwenye michezo ya simu

Jenerali Slim, aliyeongoza Jeshi la 14 kule Burma, aliandika baada ya vita kwamba mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa ugonjwa. Mmoja kwa 120. Adui mkubwa hakuwa Mjapani, alikuwa mbu.

Kwa hiyo silaha kubwa ya kombania ilikuwa kidonge cha njano kilichoitwa mepakrini. Ukikimeza kila siku ngozi inageuka rangi ya manjano, na watu walikiogopa. Uvumi ulienea kwamba kinaua nguvu za kiume. (Mnaufahamu uvumi wa namna hiyo, si ndiyo? Tuliusikia kwenye chanjo miaka michache iliyopita.) Slim aliagiza vikosi vipimwe ghafla, na pale ilipoonekana askari hawamezi, mkubwa wa kikosi ndiye aliyefukuzwa kazi, sio askari. Alisema ilibidi afukuze watatu tu, wengine wakaelewa. Dada na kaka mnaofanya kazi ya afya kwenye makambi, hilo ni lenu: dawa isipomezwa, muulize kwanza mkubwa amefanya nini.

Silaha ya pili ilikuwa barabara. Bonde la Kabaw lilikuwa tope, na magari yalizama. Askari walikata magogo wakayalaza moja baada ya jingine, kilomita baada ya kilomita, ili malori yapite. Mwezi wa 11 walifika Kalemyo, na mwanzoni mwa mwezi wa 12 wakaichukua Kalewa, kwenye mto Chindwin. Hapo wahandisi walijenga daraja la kuelea lenye urefu wa zaidi ya mita 350, na jeshi likavuka kwenda kuichukua Burma yote. Mkiangalia picha za vita vile mtaona vifaru na ndege. Lakini kilichovusha vifaru ni magogo yaliyokatwa na watu wenye mapanga.

Na silaha ya tatu ni machela. Hapa nataka ndugu zangu wa Congo mkae vizuri. Divisheni ya 11 ilihudumiwa na hospitali ya vita iliyotoka Congo ya Wabelgiji, kituo cha 10 cha majeruhi. Wauguzi na wahudumu Wakongomani walikuwa kule kwenye mvua ile, wanashona vidonda vya Waganda, Wakamba na Wanyasa. Mwezi wa 6 mwaka 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa, alimvisha nishani mzee wa miaka 100, Koplo Albert Kunyuku, aliyekuwa amefika Burma wakati ule. Ilimchukua karibu miaka 80 mfalme kumshika mkono. Lakini angalau jina lake tunalijua.

Waliporudi

Vita viliisha mwaka 1945. Watu walirudi na medali na pesa kidogo. Ardhi waliyoiota wengi hawakuipata. Mji huu ulikuwa unakua, na baada ya vita serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za wafanyakazi Waafrika hapa Naguru na Nakawa, zile nyumba ambazo wakazi wake waliondolewa mwaka 2011. Mtaa wetu umeshaona watu wakifika, na umeshaona watu wakihamishwa.

Wengine walirudi na kitu ambacho Waingereza hawakukitarajia: ujuzi wa msitu. Waruhiu Itote wa Kenya alipigana Burma na Keya. Miaka michache baadaye alikuwa kwenye msitu wa Mlima Kenya akiitwa Jenerali China, anaongoza wapiganaji wa Mau Mau, mpaka alipokamatwa mwezi wa kwanza 1954. Wale wapiganaji walitengeneza bunduki zao kwa mabomba ya maji, komeo za milango na mipira. Nyingine zililipuka mikononi mwao. Na walioletwa kuwawinda walikuwemo askari wa Keya kutoka Uganda. Watu wa jeshi moja, sasa wanatafutana kwenye msitu mmoja. Vita haina shukrani.

Mmoja wa askari wa Keya waliokuwa Kenya wakati ule ni Idi Amin. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba alipigana Burma, na yeye mwenyewe alipenda isemwe hivyo. Lakini kumbukumbu za jeshi zinaonyesha aliandikishwa mwaka 1946, vita vikiwa vimeisha, akaanza kama msaidizi wa jikoni. Kupika sio aibu, jamani. Aibu ni kuiba Burma ya watu wengine. Waingereza walipokirudisha cheo cha efendi, akapewa, na mwaka 1961 akawa luteni, mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa uofisa. Mwaka 1971 akachukua nchi. Mwaka 1975 alijipa mwenyewe cheo cha fildi-marshali. Vyeo vilipanda, lakini nchi ilishuka, na watu wa hapa wakakimbilia Kenya, Tanzania, Sudan na Congo. Ndiyo, Waganda nao walikuwa wakimbizi kwenu.

Hapo ndipo Kiswahili kilipopata jina baya Kampala. Kilikuwa lugha ya kambi, halafu kikawa lugha ya kizuizi cha barabarani usiku. Ndiyo sababu mpaka leo ukiongea Kiswahili kwenye taxi, mama fulani anaweza kukukazia macho. Si wewe anayekuogopa. Anamkumbuka mtu mwingine. Mwezi wa 7 mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi, lakini uamuzi wa baraza na masikio ya mama ni vitu viwili. Sisi tunaokiongea kwa kuuza, kusoma na kuomba dawa ndio tutakaokisafisha.

Turudi kwenye daftari

Mdogo wangu, sasa nikuambie kuhusu ule mstari wa mwisho.

Kadogo hakikuwahi kuwa cheo. Neno hilo lilitumika hapa Uganda kwa watoto waliofuata wapiganaji wa Luwero miaka ya 1980, likavuka kwenda kwetu mwaka 1996 na watoto waliotembea na vita mpaka Kinshasa. Wakubwa waliwaita kadogo kwa sababu ukimwita mtoto jina la kumpendeza, hutalazimika kumwita mtoto. Kwa sheria ya dunia leo, kundi lolote la silaha linalomchukua mtu chini ya miaka 18 linafanya kosa, hata kama mtoto alikuja mwenyewe, hata kama alikuwa jikoni tu. Anayebeba sufuria naye anahesabiwa. Ndiyo maana wafanyakazi wa mashirika wanapouliza maswali hayo taratibu, wakisema "ulikuwa unafanya nini kule?", wanajua kwa nini wanauliza. Na nyinyi wafanyakazi, mkumbuke kwamba mtoto anaweza kukujibu kwa daftari la kombania, bila kusema neno moja.

Ile kombania ya Burma haikuwa ya malaika. Iliitumikia himaya iliyowanyima watu wake wenyewe uhuru. Iliua na iliuawa. Sisemi tuitamani. Ninachosema ni kwamba hata ndani ya jeshi lile gumu, msituni, hesabu ilikuwa wazi: mtu mzima, jina lake, namba yake, buti zake, kidonge chake, na machela ikimngoja akianguka. Kundi lisilo na dawa wala machela, lenye majenerali wanne na mtoto mbele, hilo si jeshi.

Kule Taukkyan, nje kidogo ya Yangon, kuna mnara wenye majina karibu 27,000 ya askari ambao makaburi yao hayajulikani. Yamo na majina ya kwetu. Hapa karibu, ukishuka Naguru ukashika Jinja Road kuelekea mjini, kuna makaburi ambamo askari wa vita vile wamezikwa. Nimemwomba kiongozi wetu twende Jumamosi moja na wadogo wote. Tutatembea kimya, tutasoma majina kwa sauti, halafu turudi tule rolex.

Jana jioni nilimsomea yule mdogo kazi hii kabla sijaituma. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema mengi. Akaniuliza kama mpishi wa kombania naye alipewa buti. Nikamwambia ndiyo, alipewa. Akachukua kalamu, akafuta majenerali watatu. Mstari wa kadogo hakuufuta. Aliukunja ule ukurasa, akauchana polepole, akauweka mfukoni.

Sijamuuliza ataupeleka wapi. Ni wake.

Kama nyumbani kwenu kuna babu au bibi anayekumbuka mtu aliyekwenda Keya, au Force Publique ya Congo, mwulizeni jina lake kamili na kijiji chake. Njooni nalo Naguru Jumamosi. Tutaliandika.